Wimbo Uliomwondoa Mista Germano

Ijumaa ile, watu walipotoka msikitini, mashabiki wa Estrela ya Olumbi walikusanyika kwenye karakana ya Nurdine seremala, ambaye ndiye mwenyekiti wao, wapange namna ya kumuaga Mista Germano. Mista ndivyo makocha wanavyoitwa huku kusini ya Mto Ruvuma, kuanzia Palma hadi mji wa Pemba, na Germano alikuwa mista wa Estrela kwa miaka mitatu. Sasa anarudi kwao Mueda, Jumapili asubuhi. Barua aliyomwandikia mwenyekiti ilikuwa fupi. Kazi yake ya ujenzi imekwisha, anaishukuru timu, na kama kuna mtu ambaye yeye amemkosea anaomba radhi. Nurdine aliisoma kwa sauti, akaikunja mara nne.

Kila mtu pale alijua kwamba kazi ya ujenzi haikuwa imekwisha. Madarasa mawili ya shule yalikuwa bado hayana paa, na fundi wake alikuwa huyo huyo Germano.

"Haya, tuseme basi," Nurdine alisema mwishowe. "Huyu mtu ametuachia nini?"

Mzee Cassimo, muuza samaki wakavu, ndiye aliyeanza. Alikumbusha jinsi uwanja ulivyokuwa waliporudi kutoka ukimbizini, majani yanafika kifuani na lango moja limegeuzwa kuni. "Sisi tulikuwa tunatafuta mabati ya nyumba zetu," alisema. "Yeye akashika panga, peke yake, wiki nzima. Mimi nilipita pale kila siku nikimwona. Sikumsaidia."

"Mimi amenirudishia Jumapili," alisema Bi Chamima, mama wa makamo ambaye hakuwahi kukosa mechi hata moja. "Kule kambini siku zote zilikuwa moja. Nilikuwa siulizi leo ni siku gani. Nilipoanza kungoja mechi ndipo nikajua wiki imerudi."

Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine. Huyu akataja magoli, yule akataja vijana walioacha kuvuta bangi, mwingine jinsi watu wa pwani na wakimbizi wa kutoka bara walivyoanza kusalimiana kwa sababu watoto wao wanacheza timu moja. Maneno yalikuwa matamu, lakini waliyasema macho yakitazama maranda ya mbao chini, kama watu waliotoka kuzika. Hakuna aliyeutaja wimbo.

Sumaia alikuwa amekaa nyuma, juu ya rundo la mbao, leso yake ya kapulana ameivuta hadi kwenye paji la uso. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, muuza bajia pale njia panda ya barabara kuu, na ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo za mashabiki. Sauti yake ilifahamika toka Palma hadi Mocímboa. Siku nyingine kikao kama hiki kingeanza naye, na kingemalizika naye.

"Sumaia," Nurdine akamwita. "Tutungie wimbo wa kumuaga kesho. Mzuri. Wa heshima."

Nyuso zote zikamgeukia, kisha zikamwacha haraka, kama mkono uliogusa sufuria ya moto.

"Nitatunga," alisema. Sauti ilimtoka ndogo, hata Bi Chamima aliyekaa karibu naye akamwomba arudie.

*

Germano alifika Olumbi mwaka ule watu walipoanza kurudi. Alikuwa Mmakonde wa Mueda, Mkristo, mtu wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye mikono iliyopasuka kwa saruji. Kiswahili alikijua vizuri kwa sababu alilelewa Newala, upande wa pili wa Ruvuma, wazazi wake walipokimbia vita vya zamani. Aliletwa kujenga upya shule iliyochomwa. Jioni, badala ya kupumzika, akaanza kuwakusanya vijana. Hakuwauliza baba zao wanaswali wapi wala wametokea kambi gani. Aliwauliza mguu gani wanaupenda zaidi.

Kati ya waliokuja alikuwamo Zuberi, mdogo wake Sumaia. Zuberi alikuwa kijana mrefu, mkimya, na mista akamwona mara moja kwamba ni kipa. Baada ya mwaka mmoja pwani nzima ilikuwa inamjua. Kila Zuberi alipodaka mpira, Sumaia alianzisha wimbo, na wanawake wakaitikia mpaka wachezaji wa upande wa pili wakapoteza mwelekeo. Alimlea mdogo wake huyo tangu mama yao alipofariki. Kumwona amesimama langoni, watu wanamwita jina, kulimjaza kifua kuliko kitu chochote alichowahi kupata duniani.

Ndipo ikaja fainali ya Kombe la Pwani, miezi miwili iliyopita, Mocímboa da Praia. Olumbi yote ilisafiri kwa malori mawili, wachezaji kwenye la mbele, mashabiki kwenye la nyuma. Timu ilipotoka kujipanga, langoni alisimama Alberto, kijana wa miaka kumi na tisa, mtoto wa wakimbizi wa Diaca, huko bara, ambaye msimu mzima alikuwa amecheza mechi mbili. Zuberi alikuwa benchi. Jua lilikuwa linachoma, wenzake wote wamevaa kaptura, lakini yeye alikuwa amevaa suruali ndefu ya mazoezi, pana, imemfika juu ya vifundo, ameinamisha kichwa kama mtu anayeadhibiwa.

"Mista, Zuberi ana nini?" mashabiki wakapiga kelele.

Germano akageuka, akasema, "Leo anaanza Alberto." Hakuongeza neno.

Walifungwa manne. Alberto wa watu alikuwa akitetemeka tangu dakika ya kwanza. La tatu lilimpita katikati ya miguu. Njiani kurudi, ndani ya lori, Sumaia aliketi akisikia damu ikimchemka. Mdogo wake amedhalilishwa mbele ya pwani nzima. Hawajafika hata nusu ya safari, wimbo ukawa umeshamjia, wote, na sauti yake na makofi yake:

*Mista kaja toka bara, na ndugu zake kapuni;*
*wa pwani wakae nje tu, wa bara ndio wa ndani.*

Aliuimba mara moja. Mara ya pili lori zima liliitikia.

Kabla hajauimba alijua. Hilo ndilo lililokuwa likimla siku zote hizi, na hakuwa amemwambia mtu. Akiwa amekaa kwenye lori, kabla ya kufungua mdomo, aliwahesabu kichwani wachezaji walioanza siku ile, mmoja mmoja, kwa majina ya baba zao. Kumi na mmoja. Saba walikuwa wa pwani. Aliwahesabu, akaona idadi haiendani na wimbo, na wimbo ulikuwa mtamu, akauimba.

Ndani ya wiki moja ulikuwa kwenye simu za watu wote. Ukafika Palma, ukavuka hadi kisiwani Macaloe, wavuvi wakawa wanauimba wakivuta nyavu. Kwenye mazoezi vijana wakaanza kukaa makundi mawili. Alberto akaacha kuja uwanjani, kisha familia yake ikarudi Diaca. Mahali kama hapa, ambapo watu wamechomeana nyumba na bado hawajamaliza kuulizana nani alikuwa upande gani, maneno ya wa bara na wa pwani si mzaha. Sumaia alilijua hilo pia. Lakini watu walikuwa wakipita njia panda, wananunua bajia, wanamwambia, "Dada, umemchana!" naye akacheka.

Halafu ikaja barua.

*

Alitoka karakana moja kwa moja hadi nyumbani. Akakaa barazani na daftari la shule na kalamu, kwa sababu nyimbo za heshima huwa haziji zenyewe. Akaandika mstari, akaufuta. Akaandika mwingine. Kila alichoandika kiliingia kwenye mapigo ya wimbo ule ule, kama mguu unaojua kiatu kimoja tu.

Zuberi alirudi alasiri, akapakua wali wake, akaketi kula.

"Nisaidie," Sumaia alimwambia. "Wewe ulikuwa naye kila siku. Nipe jambo moja zuri alilokufanyia, niliweke kwenye wimbo. Hata kama mlikosana mwishoni."

"Hatukukosana."

"Alikuweka benchi fainali."

Zuberi alirudisha tonge kwenye sahani. Akalitazama muda mrefu.

"Hakuniweka, dada," alisema.

Kisha akasimulia, kwa sauti ya chini, bila kumtazama. Mwaka ule Mocímboa iliposhambuliwa na waasi yeye alikuwa huko, kwa mjomba, anasoma sekondari. Hayo Sumaia aliyajua. Alijua pia kwamba mdogo wake alitembea porini siku tisa hadi alipompata dada yake. Hakujua kwamba kabla ya hapo alilala siku mbili juu ya dari la nyumba iliyo nyuma ya uwanja ule ule, na kwamba chini yake kulikuwa na watu waliokuwa wanalia, kisha wakawa hawalii. Tangu siku ile hakuwa amekanyaga Mocímboa. Alidhani yamekwisha. Lakini lori lilipoingia mjini, akaliona bati la nyumba ile, likiwa bado na kutu pembeni, mwili ukamkatalia.

"Nilijikojolea," alisema. "Mtu mzima. Nimekaa kati ya wenzangu, nimejikojolea."

Sumaia akafunika mdomo kwa mkono.

"Mista aliona kabla yao. Akamwaga maji ya chupa juu yetu sote, kama anafanya utani, lori zima likalowa, watu wakacheka. Tulipofika akanipeleka nyuma ya ukuta, akavua suruali yake ya mazoezi akanipa, yeye akabaki na kaptura. Nikamwomba asimwambie mtu. Nikamwapisha. Akasema, *Hili ni lako. Mimi nitasema anaanza Alberto, basi.*"

"Na mimi nikaimba," Sumaia alisema.

"Ukaimba."

"Kwa nini hukuniambia? Miezi miwili, Zuberi! Unakula hapa kila siku!"

"Ningesemaje?" Kwa mara ya kwanza akainua macho. Yalikuwa mekundu. "Ukinitazama wewe unamwona kipa. Nilitaka uendelee kumwona. Na kila ulipouimba nilijiambia kesho nitamwambia. Yule mzee anakutana nami njiani, ananiuliza, *mguu unaendeleaje?* kana kwamba niliumia mguu tu. Hakuna kingine. Hajawahi kunikumbusha. Mimi ni mbaya kuliko wewe, dada."

Sumaia alijaribu kupima nani kati yao alikuwa mbaya zaidi, akaona hata kupima kwenyewe ni aibu. Alisimama, akaenda kusimama nyuma ya nyumba, uso ameuelekeza ukutani, kwa sababu hakutaka hata kuku wamwone.

*

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa mista. Nyumba ilikuwa ya kupanga, karibu na shule. Nje kulikuwa na kitanda kilichofunguliwa vipande vipande, magodoro mawili yamekunjwa, na Gracinda, mke wa mista, akifunga sufuria ndani ya shuka. Zamani Gracinda alikuwa akinunua bajia kumi kila asubuhi. Alimwona Sumaia akiingia, akaendelea kufunga fundo lake. Hakumkaribisha wala hakumfukuza.

Germano alitoka na nyundo mkononi.

"Mana Sumaia," alisema. *Mana* ndivyo dada anavyoitwa kwa Kireno cha huku, naye alimwita hivyo tangu siku ya kwanza. Hata sasa hakubadilisha.

Sumaia alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Yakampotea yote. Akapiga magoti pale mchangani, mbele ya vipande vya kitanda.

"Inuka," Germano alisema, kwa ukali kidogo. "Inuka, watu wanapita."

"Zuberi ameniambia."

Mista akaitazama nyundo. "Yeye mwenyewe? Hukumlazimisha?"

"Mwenyewe."

"Afadhali," alisema. "Hilo ni zuri kwake." Alionekana kweli kufurahi, na furaha yake hiyo ilimchoma Sumaia kuliko ambavyo tusi lingemchoma.

"Nisamehe, baba. Nilikuzulia. Hata bila jambo la Zuberi, nilijua si kweli. Niliwahesabu wachezaji. Nilijua."

Germano alikaa kwenye ukingo wa godoro.

"Wimbo ulikuwa mzuri," alisema. "Asubuhi moja nanyoa ndevu nikajikuta naufuatisha kwa mluzi. Mimi mwenyewe. Nikacheka. Makocha hutukanwa, mana, hiyo ni kazi yetu. Ningekaa."

"Sasa kwa nini unaondoka?"

Aliyejibu ni Gracinda, bila kugeuka. "Muulize Cleide."

Cleide alikuwa binti yao wa miaka tisa. Alikuwa ameketi ndani, kwenye sanduku, mlango wazi, anasuka kamba za viatu. Aliposikia jina lake hakuinua kichwa.

"Wiki sita hajaenda shule," Gracinda alisema. "Shule anayoijenga baba yake. Wanamngoja langoni, wanampigia makofi. *Wa bara ndio wa ndani.* Siku moja walimfungia ndani ya darasa lisilo na paa, wanamzunguka wanaimba, jua la saa sita. Alirudi sauti imemkauka. Watoto wadogo hao. Walijifunza wapi?"

Sumaia alitaka kumwendea yule mtoto. Akapiga hatua moja. Cleide akasimama, akaufunga mlango taratibu, bila kuubamiza.

Hapo ndipo Sumaia alipojua maana ya kukosa pa kuuweka uso. Kila upande aliogeukia kulikuwa na mtu ambaye yeye amemkosea.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Mimi sijui," Germano alisema. Hakusema kwa hasira; alisema kama fundi aliyeulizwa kuhusu ukuta uliokwishaanguka. "Kwangu mimi si kitu. Hao watoto pale shuleni ndio wamebaki na wimbo wako."

Kisha akainuka, akaendelea kugongoa misumari kwenye mbao za kitanda, na Sumaia akaondoka.

*

Alasiri uwanja ulijaa. Nurdine alikuwa ameleta viti, wanawake wamepika pilau, na bendera ya Estrela imefungwa kwenye mlingoti wa kona. Mista alikaa katikati, shati jeupe limepigwa pasi, Gracinda pembeni yake. Cleide hakuja. Watu wakasimama kuzungumza kama walivyozungumza karakana, ila sasa kwa sauti kubwa zaidi, na kila aliyemaliza alirudi kukaa upesi.

"Na sasa," Nurdine alitangaza, "Sumaia na wimbo wa kuaga!"

Wanawake wakajiweka tayari kupiga makofi. Sumaia akatembea hadi katikati.

"Sina wimbo," alisema.

Wachache wakacheka, wakidhani anawachezea.

"Nilitunga mmoja, mnaujua. Ule ulikuwa uongo. Nilipoutunga nilijua ni uongo. Siku ile ya fainali wachezaji saba kati ya kumi na mmoja walikuwa watoto wa pwani. Niliwahesabu ndani ya lori, halafu nikaimba. Hakuna aliyenituma."

"Sumaia," Nurdine akamkatiza, anatabasamu kwa shida. "Leo ni siku ya kuaga. Si siku ya kesi."

"Alikosea kumweka benchi Zuberi, hilo tulikuwa na haki ya kusema," sauti ya mwanamume ikatoka nyuma.

"Mimi niliitikia tu," mwanamke mmoja akasema, haraka, kama vile ameulizwa.

"Mimi hata sikuwa kwenye lori lile."

"Ni hao vijana na simu zao."

Yakaanza kutoka kila upande: aliyepiga makofi tu, aliyesikia kwa jirani, aliyekuwa amesinzia. Sumaia aliyasikiliza, na aliyatambua yote, kwa sababu usiku kucha alikuwa amejiambia ya namna hiyo hiyo. Ni Bi Chamima peke yake aliyebaki kimya, machozi yanamtiririka, mikono ameifumba mapajani.

"Niliwaona uwanjani kwa macho yangu," alisema mwishowe. "Saba. Na mimi najua kuhesabu."

Kelele zikapungua.

Ndipo Zuberi alipoinuka. Alikuwa amekaa na wachezaji wenzake, chini, pembeni ya mstari. Sumaia alimtikisia kichwa: usiseme. Hakutaka siri ile iwe malipo ya kosa lake yeye. Lakini Zuberi hakumtazama.

"Siku ile hakuniacha," alisema. "Mimi ndiye niliyemwomba nisicheze. Sikuweza. Nikamwomba anyamaze, akanyamaza, akabeba matusi yenu miezi miwili. Na mimi nilikuwa hapa hapa nayasikia."

Akaketi. Hakueleza zaidi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Wengi pale walikuwa na mahali pao wasipoweza kupatazama, na walielewa kwa kiasi walichotaka kuelewa. Mzee Cassimo alivua kofia yake, akaishika mkononi, akawa hajui aiweke wapi. Nurdine aliikunja karatasi ya ratiba mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. Moshi wa pilau ulikuwa unapita juu ya vichwa vya watu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na njaa.

Germano akasimama. Watu walimngoja awasamehe. Ilionekana kwenye nyuso zao, walivyozinyanyua zote pamoja.

"Uwanja," alisema, "msiwaachie mbuzi wakati wa mvua. Nyasi zikishaliwa mizizi hazirudi. Lango la upande wa barabara limelegea, Nurdine, litie msumari mrefu." Akafikiri kidogo. "Na Alberto yuko Diaca, kwa babu yake. Ni kipa mzuri. Siku ile nilimtupa kwenye moto hajawa tayari, na sikuwa na njia nyingine. Hilo ni kosa langu mimi, mumwambie. Mfuateni. Mkiweza, nendeni wengi."

Alipita akiwapa mkono watu wote, kuanzia wazee. Alipofika kwa Sumaia alimpa mkono kama alivyowapa wengine, wala si kwa muda mrefu zaidi wala mfupi zaidi, akamgeukia aliyefuata. Mista alimshika Zuberi bega, akamwambia kitu sikioni. Pilau ilipakuliwa, ikaliwa kwa ukimya kama chakula cha matanga.

Jumapili asubuhi lori la saruji lililokuwa linarudi tupu liliwapakia. Sumaia aliwaona lilipopita njia panda, mbele ya karai lake la mafuta. Gracinda alikuwa mbele na dereva. Mista na binti yake walikuwa nyuma, juu ya magodoro. Cleide alikuwa ameupa mgongo upande wa bajia.

*

Jumatatu, saa tatu, Sumaia alikwenda shule. Mwalimu Dulce, aliyekuwa akifundisha darasa la nne, alimsikiliza mlangoni huku amekunja mikono.

"Niliwapigia kelele, nikawatoa nje, nikawaita wazazi," Dulce alisema. "Wazazi wengine walicheka mbele yangu. Ingia. Lakini sitakusaidia kusema."

Darasa lilikuwa moja ya yale mawili yasiyo na paa. Jua lilikuwa limekwishafika nusu ya ukuta, na watoto wameketi wamebanana upande wenye kivuli. Walipomwona, nyuso zikachangamka. Walimjua wote. Kabla hajasema hata salamu, msichana mmoja wa mbele, mwenye pengo la meno, akaanzisha kwa furaha, kama zawadi kwa mgeni, na darasa zima likadaka, wakipiga makofi kwa mapigo yale yale sahihi aliyoyatunga yeye:

*Mista kaja toka bara, na ndugu zake kapuni…*

Dulce alipiga hatua mbele awanyamazishe. Sumaia akamzuia kwa mkono. Alisimama pale, mbele ya ubao, akausikiliza wote hadi mwisho. Waliuimba vizuri. Walipomaliza walimtazama wakingoja asifu.

"Huo wimbo ni wa uongo," aliwaambia. "Mimi ndiye niliyeutunga. Mista hakufanya hayo. Nilijua hakufanya, lakini nilikuwa na hasira, nikasema hivyo ili watu wacheke na kunisifu. Naye Cleide hakumkosea mtu yeyote. Nimekuja kuwaambia mimi mwenyewe, kwa sababu mlijifunza kwangu."

Watoto wakatazamana. Yule wa pengo alishusha mikono yake, akaiweka chini ya mapaja akaikalia.

"Basi Cleide atarudi?" mvulana mmoja akauliza.

"Hapana. Wamekwenda Mueda jana."

"Yeye anajua kuwa ni uongo?"

"Anajua," Sumaia alisema. "Yeye alijua tangu mwanzo."

Kisha yule msichana wa mbele akauliza, polepole, akilitazama dawati lake, "Na sisi tuliomfungia?"

Sumaia alitafuta la kumjibu. Angeweza kumwambia kwamba wao ni watoto, kwamba kosa lote ni la mkubwa, na ingekuwa karibu na kweli, na ingempendeza mtoto. Lakini alikuwa amechoka kusema mambo yanayopendeza.

"Hata mimi sijui, mwanangu," alisema. "Nilimuuliza baba yake, naye hakujua."

Mwalimu Dulce aliwaambia wafungue madaftari. Sumaia akatoka, akapita kando ya rundo la matofali ya mista, yaliyopangwa safu safu na kufunikwa turubai yasilowe, yakingoja fundi mwingine.